Kitabu cha pili cha difarensho kisiwe pacha wa kile cha kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wanafunzi wa hesabu, fizikia na injinia wanaotoka huku kwetu Kusini, na wazazi wao pia, na kama kuna malekchara wanaosoma ukurasa huu basi na wao wasikie, manake jambo lenyewe, yaani kuchagua kitabu cha pili cha difarensho ikwesheni (hesabu za namna kitu kinavyobadilika), linaonekana dogo ila linakula hela za watu na linakula muda wa watoto. Mimi ni mwalimu wa Advansi Mathe hapa Mtwara. Kila mwaka msimu wa korosho ukifika, minada ikishaanza na wakulima wakaanza kuingiziwa hela zao, simu nazo zinaanza. Kijana nilimfundisha, sasa yuko chuo mwaka wa pili, mzazi amemuahidi hela ya kitabu, ananiuliza mwalimu shikamoo, difarensho ikwesheni ninunue kitabu gani cha pili, cha kwanza ninacho tayari. Namuuliza cha kwanza ni kipi, ananitajia, alafu ananitajia na hicho anachotaka kununua, na mara nyingi sana ni kile kile chenye jalada tofauti.

Sisemi mwandishi ni yule yule. Nasema ukivifungua vyote viwili utakuta ni safari moja: kutenganisha variabo, linia za daraja la kwanza na intigreting fakta yake, egzakti, Bernoulli, alafu daraja la pili lenye koefishenti zisizobadilika, kubuni umbo la jibu, siriizi, Laplace, kwisha. Kimoja kina rangi kingine hakina, kimoja kina maswali mengi zaidi mwisho wa sura. Mzazi wa Tandahimba au Nachingwea ametoa hela iliyotokana na kupulizia mikorosho, kuokota, kuanika na kusomba magunia mpaka ghalani, na kijana amenunua njia ile ile ya kufanya intigresheni ile ile ambayo ameshaisoma. Hilo linaniuma na ndio maana naandika.

Kitabu cha kwanza kinajibu swali moja: hii ikwesheni nitaisolvu vipi? Ni swali zuri na lazima ulijue, bila hivyo utakamatwa supu, yaani kurudia mtihani. Ila kitabu cha pili kazi yake ni kukuuliza maswali ambayo cha kwanza hakikuuliza kabisa. Hivi jibu lipo kweli? Kama lipo, ni moja tu au yako mengi? Linaishi mpaka lini? Na kama haliandikiki kwa fomula, bado naweza kusema litaelekea wapi? Kama kitabu unachotaka kununua hakiulizi hayo, basi hicho sio cha pili.

Nitoe mfano ninaoutumia darasani kwa sababu kila mtoto huku anaujua kwa macho. Chukua simtank lenye maji, pembeni limenyooka, chini kuna tundu dogo linavuja. Torricelli alishaonyesha karne ya 17 kwamba kasi ya maji yanayotoka kwenye tundu inakwenda na kipeuo cha pili, yaani skweya ruti, ya kina cha maji. Kwa hiyo kina h kinapungua kwa ikwesheni dh/dt = −k√h, k ikiwa namba isiyobadilika ya tangi hilo. Kijana mwenye kitabu cha kwanza anafurahi, anatenganisha variabo, anaintigreti, dakika mbili amemaliza: h = (√h₀ − kt/2)². Sasa weka namba, maji yalianza na mita 1, k ni 0.2 na muda tunahesabu kwa dakika, basi fomula inakuwa h = (1 − 0.1t)². Dakika ya 10 tangi limekauka, sawa kabisa, kila mtu anakubali. Sasa muulize dakika ya 20 kina ni ngapi. Ataweka 20 kwenye fomula yake, 1 toa 2, kwa skweya, anapata mita 1. Tangi limejaa tena lenyewe!

Nimeona wanafunzi wazuri tu, wenye A, wanaandika hilo jibu na kupigia mstari chini yake. Na huwezi kuwalaumu sana kwa sababu hesabu ya aljebra haina kosa hata moja, kilichokosekana ni swali. Ukirudisha ile fomula kwenye ikwesheni utaona baada ya dakika ya 10 kina kinapanda wakati ikwesheni inasema hakiwezi kupanda, kwa hiyo pale kwenye sifuri fomula imeishiwa kazi na jibu la kweli linaendelea na h = 0 basi. Alafu kuna kitu kikubwa zaidi hapo chini yake. Umerudi nyumbani jioni umekuta tangi kavu. Unaweza kusema liliisha saa ngapi? Huwezi. Linaweza kuwa limeisha saa nne asubuhi, linaweza kuwa limeisha nusu saa iliyopita, historia zote hizo zinafika kwenye sifuri ile ile na zote zinatii ikwesheni ile ile. Hapo ndipo unapoelewa theoremu ya Picard na Lindelöf, ya miaka ya 1890, inalinda nini: inasema kama upande wa kulia wa ikwesheni haubadiliki kwa ukali kupita kiasi, lile sharti la Lipschitz, basi kupitia kila pointi kuna jibu moja tu. Na √h pale kwenye sifuri mteremko wake unakwenda infiniti, sharti limevunjika, ulinzi umeondoka, na ndio maana yaliyopita hayajulikani. Mwanafunzi akishaona hilo kwenye tangi hawezi tena kuichukulia ile theoremu kama kitu cha kukariri kwa ajili ya UE, mtihani wa chuo.

Kuna na mfano wa upande mwingine. Andika y′ = x² + y². Kwa macho ni rahisi kuliko nusu ya maswali ya tyutoriali. Ila Liouville huko Ufaransa alishathibitisha mwaka 1841 kwamba ikwesheni za familia hii, ukiacha chache maalumu ambazo hii haimo, hazisolviki kwa fankisheni za kawaida na intigresheni zake, hata ukae nayo mwaka mzima. Mbinu zote za kitabu cha kwanza zinagonga mwamba. Lakini bado unaweza kuchora vimistari vya mteremko kwenye karatasi ya grafu ukaona jibu linalotoka kwenye sifuri linapanda taratibu, alafu linachomoka, na kabla hujafika mbali linakwenda infiniti, kwenye x kama 2.003 hivi. Jibu lipo, ni moja, na linakufa mapema, na yote hayo unayajua bila fomula. Poincaré alianza kuisoma difarensho kwa mtindo huo wa kuangalia umbo la majibu kwenye makala zake za kuanzia 1881, yaani ni hesabu ya zaidi ya miaka mia moja na arobaini, sio fasheni ya juzi, ila kijana anaweza kumaliza digrii bila kuambiwa.

Sasa tuje kwenye vitabu vyenyewe, manake najua mtu anataka majina.

Kwanza kabla hujatoa hela, kifungue tena hicho ulichonacho. Wengi wana Boyce na DiPrima, ambacho toleo lake la kwanza ni la 1965 na kimerudiwa mara nyingi toka hapo. Huko mwishoni kina sura nzima ya mifumo isiyo linia na uthabiti, na mwanzoni kina sehemu ya theoremu ya jibu kuwepo na kuwa moja. Semista mara nyingi inaisha hamjafika huko, lekchara anakimbizana na muda, basi wanafunzi wanadhani kitabu kimeisha Laplace. Hakijaisha. Soma hiyo sura ya uthabiti kwanza, ukiipenda ndio utajua kitabu cha pili ukitafute upande gani. Na yule anayetaka kununua Tenenbaum na Pollard, kile cha 1963 ambacho Dover wanakichapa kwa bei ya chini, chenye kurasa zaidi ya 800, nasema ni kitabu kizuri mno kwa mtu anayejisomea mwenyewe, kinaeleza hatua kwa hatua kama mwalimu mwenye subira, ila kama Boyce unaye tayari basi sehemu kubwa utakuwa unasoma ulichokisoma.

Kama wewe unakwenda injinia, fizikia, baiolojia, kilimo, mimi nakutuma kwa kitabu cha Strogatz, toleo la kwanza 1994. Huyu bwana haanzi na njia za kusolvu. Anaanza na ẋ = sin x (ẋ ni kasi ya x kubadilika), anakuonyesha kwamba fomula kamili unaipata lakini ikishatoka ni logi ya kosekanti na kotanjenti ambayo ukiitazama haikwambii chochote, alafu anachora mstari mmoja tu, anaweka mishale, hapa inakwenda kulia pale inarudi kushoto, vituo vya kutulia hivi hapa na vya kuyumba hivi hapa, na kwa dakika moja umejua kila jibu litaishia wapi. Kinahitaji kalkulasi ya kawaida na metriksi kidogo. Mwanafunzi wa kawaida kabisa anaweza kukisoma peke yake kwenye kiti cha basi la kwenda Dar.

Kama uko hesabu tupu na linia aljebra yako imelegea, Hirsch na Smale wa 1974. Smale ndiye yule aliyepewa medali ya Fields, tuzo kubwa ya hesabu, mwaka 1966, na kitabu chao kinafundisha linia aljebra na difarensho kwa pamoja, igenivalyu, zile namba maalumu za metriksi, inaingia pale unapoihitaji kusolvu mfumo, kwa hiyo unaielewa ina kazi gani. Toleo la baadaye ambalo Devaney ameongezeka ni zuri ila lina sura tofauti, ile linia aljebra imepunguzwa na machafuko (keosi, mwendo usiotabirika) yameongezwa, kwa hiyo angalia unanunua lipi. Coddington wa 1961, naye anapatikana Dover, ni mwembamba na anathibitisha kila anachosema bila kuruka sana, huyo ni daraja zuri kwa anayetaka kuzoea uthibitisho kabla hajaingia kwenye vitabu vizito.

Arnold nitasema kwa kirefu kidogo kwa sababu wengi wanatajiwa na mabrazameni wa mwaka wa nne. Vladimir Arnold alitoa hayo masomo Chuo Kikuu cha Moscow na kwa Kiingereza kikatoka 1973. Mimi nakipenda kuliko vyote. Humo mwanzoni kabisa kuna swali la barabara mbili zisizokutana kutoka mji A mpaka mji B: magari mawili yaliyofungwa kamba fupi kuliko 2l yameweza kwenda, moja barabara hii moja ile, bila kukata kamba. Je, mikokoteni miwili ya duara yenye nusu kipenyo l, mmoja unatoka A kwa barabara moja na mwingine unatoka B kwa barabara ya pili, inaweza kupishana bila kugusana? Haiwezi, na uthibitisho wake ni kuchora mraba, upande mmoja nafasi ya chombo cha kwanza, upande wa pili nafasi ya chombo cha pili, magari yanachora mstari kutoka kona moja mpaka kona ya mkabala, mikokoteni inachora kutoka kona nyingine mpaka nyingine, mistari miwili lazima ikutane mahali. Hamna hata ikwesheni moja hapo na tayari umeelewa nafasi ya fezi, yaani picha ya hali zote ambazo mfumo unaweza kuwa nazo, ni nini. Nani asingetaka kusoma kitabu kama hicho! Ila Arnold anaruka hatua, anakuachia ujaze mwenyewe, na anataka uwe umezoea kufikiri kwa jometri. Ukimnunua kama cha pili huku huna mtu wa kuuliza, kuna hatari kitakaa kabatini. Mchukue wa tatu. Au mchukue wa pili kama mko watatu wanne mnasoma pamoja na mna moyo.

Na wale ambao hela haipo, msidanganyike kwamba hamna njia zaidi ya fotokopi ya stesheneri isiyosomeka. Gerald Teschl wa Chuo Kikuu cha Vienna kitabu chake kilitoka 2012 na mwenyewe ameweka PDF bure kwenye ukurasa wake, halali kabisa, bando la kawaida linatosha. Ni cha hesabu tupu, kizito kidogo, kinaanza na Newton kinaishia kwenye machafuko. Kwa kitabu cha ngazi ya kwanza kuna cha Jiří Lebl nacho bure, kwa hiyo ukipenda hela ya mzazi usiitumie kwenye cha kwanza kabisa, itunze kwa ajili ya cha pili cha karatasi ambacho utakaa nacho maisha.

Sasa kuna watu wataniambia mwalimu hayo ya jibu kuwa moja na vituo vya kutulia yanamsaidia nini mtoto wa mkulima. Yanamsaidia sana. Ubwiriunga unaoshambulia maua ya mikorosho kila mtu huku anaujua, na salfa tunayopulizia kila mtu anaijua bei yake. Mwaka 1963 van der Plank aliandika kitabu cha magonjwa ya mimea akitumia ikwesheni ya logistiki, ile ile ambayo Verhulst wa Ubelgiji aliiandika 1838 kwa ajili ya idadi ya watu: x′ = rx(1 − x), x ni sehemu ya mmea iliyougua na r ni kasi ya ugonjwa kuenea. Kitabu cha kwanza kinakufundisha kuisolvu kwa pashoo frakshen na unapata maksi zako. Kitabu cha pili kinakufanya uulize: nikipunguza ugonjwa wa mwanzo mara 10, nimeshinda au nimechelewesha tu? Na jibu unalisoma kwenye ikwesheni, pointi ambazo x haibadiliki ni 0 na 1, ya 0 inayumba, kwa hiyo kidogo kilichobaki kitapanda tu, umechelewesha kwa muda wa ln 10 gawanya r. Chukua r ya mfano tu 0.2 kwa siku, unapata kama siku 11 na nusu. Kwa mkorosho ulio kwenye maua siku hizo zinaweza kuwa na maana kubwa, na ndio unaona kwa nini mtu anapulizia kwa kurudia badala ya mara moja. Kijana wa kutoka Newala anayeweza kusoma ikwesheni hivyo anaweza kwenda pale Naliendele kwenye utafiti wa korosho akaongea nao kwa namba. Na wa gesi ya Mnazi Bay vilevile, presha kwenye bomba haikuulizi umekariri Bernoulli ya darasani, inabidi ujue mfumo ukisukumwa kidogo unarudi mahali pake au unaondoka, alafu ukapige hesabu kwenye kompyuta kwa Runge na Kutta, njia ya kukadiria jibu kwa namba.

Kwa hiyo ukishika kitabu, iwe dukani au umekipata PDF unakiangalia, nenda nyuma kwenye faharasa utafute Lipschitz, au theoremu ya jibu kuwepo na kuwa moja. Kama vyote havipo, rudisha. Kama kimoja kipo, fungua ukurasa wake uone wanathibitisha au wanataja na kupita. Alafu tafuta mchoro, kitabu cha pili cha difarensho kisicho na michoro ya majibu kwenye bapa la mihimili miwili mimi sikiamini labda kiwe Coddington. Mwisho chukua swali moja la sura ya pili, kaa nalo jioni moja. Likikushinda kidogo ila unaona pa kushika, hicho ni chako. Likiwa jepesi kabisa huna haja nacho, na kama hata swali lenyewe hujaelewa linauliza nini basi bado, kuna sura za cha kwanza hujazimaliza. Usiangalie unene. Na usinunue kwa sababu kina majibu ya maswali yote nyuma, najua hilo linawavuta wengi, ila kwenye ngazi hii swali lisilo na jibu nyuma ndilo linalokufundisha kujikagua.

Malekchara wetu, na wanaonunua vitabu vya maktaba za vyuo, ombi langu kwenu ni dogo. Kwenye kozi autilaini mnaandika orodha ya vitabu sita saba, vyote vimepangwa kwa alfabeti bila neno lolote, mwanafunzi anachukua cha juu kabisa au kile brazameni wake alichonacho. Nimeingia maktaba ya chuo kimoja nikakuta rafu nzima ya difarensho ina kopi nyingi za vitabu vya ngazi ile ile ya kwanza na hamna hata kimoja cha hatua inayofuata. Andikeni mbele ya kila kitabu mstari mmoja tu: hiki ni cha kuanzia, hiki ni cha baada ya linia aljebra, hiki someni sura ya tano kwa ajili ya theoremu ya Picard, hiki sura ya sita kwa michoro. Na mkinunua kopi kumi za Boyce, basi mbili zigeuzeni ziwe Hirsch na Smale au Strogatz, bajeti ni ile ile.

Ni mimi mwalimu wa hesabu,
Mikindani, Mtwara.